Wosia Usiozikwa

Mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, naye bintiye, Mwana Hashima, angali kijana. Akamtungia utendi wa kumuusia, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane: vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne hubeba kina cha bahari. Mpangilio huo hurahisisha kukariri, na maandishi huzuia kusahau. Ndipo wosia wa mama mmoja ukawa urithi wa umma. Funzo li wazi: hekima ya wazee isiyohifadhiwa huzikwa nao. Mwanafunzi wa Kiswahili mwenye nyanya nyumbani na kalamu mkononi hana udhuru. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari.