Mvinyo wa Dodoma Unalala Mgeta

Nyuma ya nyumba ninayopanga Nyandira, tarafa ya Mgeta, kuna chumba kisicho na dirisha. Ukuta wake mmoja ni mlima wenyewe: fundi alichimba ubavu wa kilima, akajenga tofali pande tatu, akapaua bati na kuweka dari ya mianzi. Bibi mwenye nyumba hutunza humo mbegu za viazi mviringo, amezitandaza kwenye vichanja. Kichanja cha chini kabisa alinipa mimi. Hapo zimelala chupa 41 za mvinyo wa Dodoma.

Nilifika kwenye kichanja hicho baada ya hasara. Nilinunua katoni ya mvinyo mwekundu katika duka moja Morogoro mjini, chupa zikiwa zimesimama dirishani huku jua la alasiri likizipiga. Nikaziweka nyumbani, chini ya bati, miezi minane. Nilipofungua ya kwanza, rangi ilishakuwa kama ya chai ya rangi, na ladha ilikuwa siki iliyotiwa jemu. Zilizobaki zote zilikuwa hivyo hivyo.

Mvinyo hauvumilii joto. Unataka giza, nyuzi 12 hadi 14 hivi, na chupa ilale ubavu ili kizibo cha gamba la mti kibaki na unyevu. Kikikauka, hewa inapenya na kazi imekwisha. Wafaransa huchimba mahandaki kwa ajili hiyo. Nyandira iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto nilichokitundika chumbani kwa Bibi husoma nyuzi 13 asubuhi za Julai. Januari, wakati Dar es Salaam watu wanalala na feni, hakijawahi kuvuka 19. Tatizo letu ni unyevu tu. Ukungu wa Uluguru hubandua lebo, kwa hiyo kila chupa naifunga nailoni.

Wakusanyaji wakubwa duniani hukimbilia majina machache, na jina linalotajwa kwa sauti ya chini kuliko yote ni Romanée-Conti, shamba la Ufaransa lenye ukubwa wa hekta 1.8. Hizo ni kama eka nne na nusu. Mwaka 1945 lilitoa chupa 600 tu, kisha mizabibu ile mikongwe ikang'olewa. Mwaka 2018, katika mnada wa Sotheby's mjini New York, chupa moja ya mwaka huo iliuzwa dola 558,000.

Bei hiyo inanishtua kama inavyomshtua msomaji, lakini kinachonivuta ni uandishi ulio nyuma yake. Mnunuzi anajua shamba, mwaka na idadi ya chupa. Kumbukumbu hizo ndizo zinazomlinda. Mwaka 2008 ziliwekwa mnadani, New York, chupa za mvinyo wa Clos Saint-Denis zenye jina la Ponsot, nyumba ya mvinyo ya Ufaransa, nyingine zikiwa na mwaka 1945. Laurent Ponsot alisafiri kwenda kuzizuia mwenyewe, kwa kuwa nyumba yao ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Aliyezipeleka, Rudy Kurniawan, alihukumiwa miaka 10 jela mwaka 2014 kwa kughushi mvinyo.

Sisi tunacho cha kuandika. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya Dodoma, miaka ya 1950. Baadaye ikaja DOWICO, kampuni ya umma. Leo watengeneza mvinyo wa CETAWICO wako Hombolo, huko huko Dodoma, na kampuni ya Alko Vintages inatengeneza Dompo, mvinyo unaojulikana na wengi. Kuna hata zabibu nyekundu yenye jina letu, Makutupora, kutokana na mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu.

Kisha kuna jambo ambalo Mfaransa hana. Kwake mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima anapogoa, nao unachipua tena. Mavuno ni mawili: karibu na Machi, na Agosti hadi Septemba. Zabibu za Machi zimekulia kwenye mvua na zimepigana na ukungu. Za Agosti zimeivia kwenye ukavu, sukari imejikusanya. Hizo ni zabibu mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja, hivyo lebo ya Dodoma inapaswa kutaja hata mwezi. Katika chupa zangu zilizotoka viwandani, za wakubwa na wadogo, chache zina mwaka. Yenye mwezi sijaipata, na jambo hili linaniuma kila ninapozigeuza.

Siku moja Bibi alinikuta nimezishika mbili, sikumbuki ipi ilitangulia.

"Mjukuu wangu, sasa hizi unazijuaje?"

Akanionyesha vichanja vyake. Kwenye ubao wa kila kimoja, kwa chaki: mwezi viazi vilipochimbwa na shamba vilikotoka. Anafanya hivyo ili asipande mbegu iliyochoka.

Septemba iliyopita nilikwenda Hombolo mwenyewe, nikasimama shambani wakati wa kuvuna. Juzi nimerudi na chupa sita za zabibu zile. Bibi hakuuliza bei. Alichukua chaki, akainama kwenye kichanja cha chini, akaniambia nimtajie polepole. Akaandika: Septemba, Hombolo.