Choo Kikijaa Jangwani: Gari, Vyura au Kutapisha?

Masika yakishaloweka bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, maji ya Jangwani hayaji kwa mlango tu. Huja kwa chini pia. Ardhi ikishiba, shimo la choo ulilodhani lina nafasi ya mwaka mzima linajaa kwa siku mbili, tena usiku, tena mwezi haujaisha. Wapangaji wanaitana uani kupiga hesabu.

Wa kwanza kusema atasema tutapishe. Unatoboa shimo pembeni, unasubiri mvua kubwa, uchafu unaondoka na maji, na hujatoa hata senti. Ni kosa kisheria, lakini hata faini tuiache: mtaro uliobeba uchafu wako ndio huohuo unaorudi uani mto ukifurika. Jiji lililougua kipindupindu kuanzia Agosti 2015 halipaswi kuiita njia hii ya bure.

Wapo vyura, vijana wanaochota shimo kwa ndoo na kuufukia uchafu kwenye shimo jingine walilochimba kando. Bei yao mnapatana, na hawahitaji barabara. Lakini hilo shimo la kufukia lichimbwe wapi, katika nyumba zilizobanana hivi? Na hewa ya shimo la choo huua mtu; ukimshusha kijana wa watu humo, ujue unachonunua. Afadhali wenye pampu ya mkono, wanaovuta tope wakiwa juu na kulipakia kwenye mapipa.

Gari la kunyonya majitaka ndilo ghali kwa kulitazama. Ila linatoza kwa tripu, na hapo ndipo wengi wanapopunjika: shimo dogo halijazi tangi, nawe umelipia tangi zima. Gongeni mlango wa jirani, mgawane tripu. Kabla hamjakubaliana, waulizeni wenye gari mpira wao una urefu gani na kama wa kuongezea unalipiwa pembeni, maana gari litaishia barabarani. Ulizeni na uchafu unamwagwa wapi. Mabwawa ya majitaka yapo Vingunguti, kwa hiyo anayetaja umbali wa kutisha aeleze. Tope zito la chini lisipokorogwa kwa maji, wataondoka na majimaji tu, na baada ya wiki chache mtawaita tena. Simameni pale hadi wamalize.

Kwangu mimi, gari la kuchangiana linashinda.

Si kila hitilafu ya nyumbani ni ya kuitana uani. Bomba linalotona halihitaji kikao. Tone moja kila sekunde hujaza takriban ndoo ya lita 20 kwa siku. Washa na spana vinapatikana Kariakoo, na ukikosea utalowa tu. Umeme ni habari nyingine. Maji yakishagusa soketi, zima swichi kubwa ikiwa unaifikia bila kukanyaga maji, kisha piga TANESCO, 180, na utafute fundi mwenye leseni ya EWURA. Shoti ikianza kuwaka moto, Zimamoto ni 114. Hapa sioni haja ya kulinganisha bei, hata fundi wa mtaani asiye na leseni akikubali nusu ya bei.

Nirudi kwenye choo. Kifungueni na mkichungulie Februari, na gari mliite mwezi huohuo. Ikifika Aprili, Barabara ya Morogoro yenyewe hufungwa pale Jangwani maji yakipanda.