Pampu Rahisi na Pampu Ghali: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Wakulima wengi wa skimu zetu wana shamba lenye mto chini na nyumba juu. Ng'ombe hushuka kunywa maji mara mbili kwa siku na kurudi wamechoka, na akina mama hupanda na mitungi mgongoni. Kwa hiyo fedha za maziwa au za viazi zinapopatikana, swali linaloletwa ofisini kwetu ni lile lile: Ninunue pampu gani?

Maswali hayo hunijia mimi kwanza, kwa kuwa meza ya karani ndiyo iliyo karibu na mlango. Nimeona kwamba mara nyingi mkulima huwa amekwisha kuchagua kabla hajauliza. Amepita mjini, ameona pampu ndogo ya petroli iliyotoka ng'ambo, imepakwa rangi ya kupendeza, na bei yake ni ndogo. Kisha akasikia habari za pampu nyingine inayoundwa na mafundi wa hapa Kenya kwa mabomba ya chuma, ambayo haitumii petroli wala stima bali husukumwa na maji ya mto yenyewe. Mafundi huiita hidramu. Lakini ukijumlisha chuma, mabomba, saruji na mshahara wa fundi, gharama yake huzidi sana ile ya pampu ya dukani. Naye mkulima husema, "Mimi ni mtu maskini, nitachukua ile rahisi."

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Ni neno la kweli, lakini halitoshi kununulia pampu. Ziko pampu rahisi zilizofanya kazi miaka mingi mikononi mwa mtu mwenye kutunza, na ziko za ghali zilizowekwa mahali pasipofaa, leo kuku hulala juu yake. Basi na tupige hesabu.

Tuanze na pampu ya petroli. Tazama kibati chake. Tuseme kimeandikwa kwamba itapandisha maji mita 30, na kwamba itatoa lita 600 kwa dakika. Mnunuzi huyasoma maneno haya mawili pamoja, akadhani kwamba tangi lake lililo mita 30 juu ya mto litapokea lita 600 kila dakika. Sivyo hata kidogo. Lita 600 hupatikana pale ambapo maji hayapandi mlima wowote. Na mita 30 ni pale ambapo maji yamefika mwisho wa nguvu za pampu na kusimama ndani ya bomba, lisitoke hata tone moja. Tangi likiwa mita 28 juu, utapata kijito chembamba kama uzi, na petroli itakwisha vile vile. Tena mpira mrefu na mwembamba hula nguvu nyingine njiani. Kwa hiyo ukiwa na mlima wa mita 30, tafuta pampu ambayo kibati chake kinataja mita nyingi kuliko hizo, nawe umwambie mwenye duka akuonyeshe ni lita ngapi itatoa katika kimo chako wewe.

Jambo la pili ni hewa ya nchi zetu za juu. Watu hudhani pampu huvuta maji kwa nguvu zake. Kwa kweli pampu huondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Kule pwani hewa ni nzito, na pampu nzuri iliyowekwa juu ya kisima huweza kupata maji yaliyo karibu mita 7 chini yake. Kinangop, ambako ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Usitumaini zaidi ya mita 5. Injini nayo hupumua hewa hiyo hiyo, na kwa kila mita 1,000 za kupanda hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Pampu iliyopimwa karibu na bahari ikafika Kinangop imekwisha kupungukiwa na karibu robo ya nguvu, wala si kosa la aliyeiuza.

Sasa petroli. Injini ndogo ya nguvu ya farasi tano na nusu ikifanya kazi sana hunywa lita moja hadi lita moja na nusu kwa saa. Tuseme wewe ni mtu mwangalifu, unatumia nusu lita tu kwa siku kujaza tangi la ng'ombe na la nyumba. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya lita 180. Chukua bei ya petroli inayotangazwa kila tarehe 14 ya mwezi, uzidishe mwenyewe kwa kalamu, kisha uweke jumla yake kando ya bei ya pampu uliyoiita rahisi. Oili sijaitaja, wala nauli ya kufuata petroli mjini.

Lakini jambo linalowaumiza wakulima kuliko petroli ni vipuli. Kati ya injini na pampu iko sili, kitu kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho huzuia maji yasivuje pale shafti inapozunguka. Ukiwasha pampu bila kuijaza maji kwanza, sili huungua kwa dakika chache. Mkulima mmoja wa upande wetu alikuja ofisini wakati wa kiangazi na pampu yake ndani ya gunia. Injini iliwaka vizuri, ila sili ilikuwa imekwisha. Duka alikoinunua lilikuwa limeacha kuleta pampu za aina ile, sasa linauza za jina jingine, na sili zake hazikuingia. Alizunguka maduka matatu katika miji miwili. Alipopata sili inayolingana, wiki mbili zilikuwa zimepita na kabichi zake, ambazo zilikuwa zimeanza kufunga, zilikuwa zimekauka. Kipuli chenyewe bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli.

Basi kabla hujatoa fedha, mwambie mwenye duka: "Nionyeshe sili ya pampu hii, na gasketi zake, na lile gurudumu la ndani linalotupa maji." Akikuwekea juu ya meza, nunua sili mbili pamoja na pampu. Akikujibu kwamba zitakuja, chukua kofia yako utoke.

Hidramu ni mashine ya namna nyingine kabisa. Umepata kuona mkokoteni wa punda ukishuka mteremko kwa kasi, gurudumu likagonga jiwe ukasimama ghafula? Magunia ya mbele huruka. Maji nayo hufanya hivyo. Hushuka kwa kasi katika bomba la chuma na kutokea nje penye mlango mdogo, ambao fundi huuita valvu. Kasi ikizidi, mlango hujifunga kwa kishindo. Maji yaliyokuwa yakikimbia hayana pa kwenda, basi sehemu yake ndogo huruka kwa nguvu kupitia mlango wa pili na kuingia katika chupa ya chuma yenye hewa. Hewa ile hubanwa, nayo huyasukuma maji polepole kupanda bomba la tangini. Kishindo kikipoa, mlango wa kwanza hufunguka wenyewe na kazi huanza tena. Ni tak, tak, tak, mara 40 hadi 90 kwa dakika, mchana na usiku, hata siku ya Krismasi.

Mtu aliyeiwezesha kujiendesha yenyewe ni Mfaransa Joseph Montgolfier, mwaka 1796, ambaye miaka 13 kabla yake yeye na nduguye walikuwa wamerusha puto la hewa moto. Kwa hiyo hata hii tunayoiita pampu ya nyumbani ni akili iliyotoka ng'ambo. Kilicho chetu ni mkono wa fundi, na faida yake ni kwamba fundi huyo yuko mahali ambapo unaweza kumfikia kwa matatu. Raba ya valvu ikichakaa, hukatwa nyingine kwa kisu. Parafujo ikikatika, iko katika kila duka la vyuma. Ukiwa unalipa zaidi kwa ajili ya hayo, unalipia kitu. Ukiwa unalipa zaidi kwa sababu tu imeandikwa "Imeundwa Kenya", basi hujauliza vya kutosha.

Je, itakupa maji kiasi gani? Chukua lita zinazoingia katika bomba kwa dakika, uzidishe kwa mita ambazo maji yanashuka kufika penye pampu, ugawanye kwa mita ambazo yatapanda kutoka pampu mpaka tangini. Kisha chukua sehemu sita tu katika kumi, kwa maana nyingine hupotea. Tuseme kijito chako hutoa lita 60 kwa dakika, hushuka mita 3, na tangi liko mita 30 juu. Mara 60 kwa 3 ni 180. Gawanya kwa 30 ni 6. Sehemu sita katika kumi ni lita 3.6. Hapo watu hucheka. Lakini siku ina dakika 1,440, na jumla ni zaidi ya lita 5,000 kwa siku bila kununua petroli. Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku. Watatu wakinywa vya kutosha, na nyumba ikichota yake, hubaki maji ya bustani nzuri ya sukuma wiki. Maji yasiyopanda hurudi mtoni.

Mafundi wetu nao si wote sawa. Chupa ya hewa ikiungwa kwa bati jembamba, au weldingi ikiwa na matundu madogo, hewa hutoroka na pampu hupasuka kwa vishindo vyake yenyewe. Mwambie fundi aijaze upepo mbele yako na kupaka povu la sabuni kila mahali palipoungwa. Bomba la kushuka liwe la chuma, si la plastiki, kwa kuwa plastiki hutanuka kila kishindo na nguvu hupotea humo. Urefu wake uwe kama mara nne hadi saba ya kimo cha maporomoko. Mapatano yaandikwe. Lipa sehemu mwanzoni, na sehemu iliyobaki siku ile maji yatakapoonekana tangini, wala si siku pampu itakaposhushwa penye pikipiki.

Wako wakulima ambao hidramu si yao. Kama mto wako umelala hauna maporomoko, kama unakauka Februari, au kama maji yako ni ya kisima, hakuna fundi wa kukusaidia kwa hiyo. Na mwenye kutaka kumwagilia ekari nzima ya vitunguu wakati wa jua kali anahitaji karibu lita 20,000 kwa siku. Huyo anunue pampu ya injini, ya ng'ambo na iwe, yenye vipuli vinavyoonekana. Majirani wanne wenye mashamba ya bondeni wanaweza kununua moja nzuri kwa pamoja, ikiwa watapatana mapema nani ataiweka na nani ataijaza oili. Pampu za jua nazo zina hesabu yake, ambayo haitoshi katika ukurasa huu.

Pampu iwayo yote, mto si wa mtu mmoja. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kabla ya kujenga chochote cha kutoa maji mtoni, uliza ruhusa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na uonane na chama cha watumiaji maji cha mto wako. Walio chini yako nao wana ng'ombe.

Ukija kumwona Bwana Shamba juu ya jambo hili, leta vipimo vinne vilivyoandikwa: lita za kijito kwa dakika, mita za maporomoko, mita za kupanda mpaka tangini, na urefu wa njia ya bomba. Kijito hupimwa kwa kuyaelekeza maji katika mtungi wa lita 20 na kutazama saa. Ukijaa kwa sekunde 20, hizo ni lita 60 kwa dakika. Kimo hupimwa kwa fimbo ndefu na pima maji ya mwashi, hatua kwa hatua, na watoto wa shule huifanya kazi hiyo vizuri. Pima kiangazi kinapokuwa kikali, Februari au mwanzo wa Machi, kabla mvua haijaujaza mto.