Ufunguo unakaa upande gani?



Nilipomaliza masomo, umoja wa vijana wa Wamaza ulinipa kazi ya kuingiza kotizasio kwenye ordinatere. Nikatengeneza tablo moja: jina, teritware, kisha safu tatu, malipo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndugu mmoja alilipa kidogo kidogo, mara nne. Malipo ya nne hayakuwa na pahali, basi yakaandikwa juu ya yale ya kwanza. Baba yake akafariki. Tukafungua orodha mbele ya wazee, akaambiwa: "Ndugu, weye uko na deni." Hakuwa na deni lolote. Kosa lilikuwa langu.

Nilifikiri hivi: malipo ni ya mwanachama, basi mwanachama ayabebe. Mdomoni iko sawa, ila katika hifadhidata ni kinyume. Mwanachama mmoja ana malipo mengi. Kila malipo yana mwenyewe mmoja tu. Kisanduku kimoja kinabeba namba moja. Kwa hiyo namba ya mwanachama inaandikwa ndani ya tablo ya malipo, upande wa wengi. Huo ndio ufunguo wa kigeni, jina alilolitumia Edgar Codd wa IBM katika makala yake ya 1970. Mtu alipe mara nne ama arobaini, inaongezeka mistari, safu zinabaki zilezile.

Teritware nayo vilevile: mwanachama anabeba namba ya teritware, na teritware inabeba namba ya provensi. Juu ya nini tusiandike provensi mbele ya kila jina? Kumbukeni 2015: Katanga iligawanywa provensi nne, na majirani zetu wa Kongolo wakajikuta Tanganyika. Aliyeandika "Katanga" kwa kila mtu alikuwa na kazi ya kusahihisha jina moja moja. Mwenye ufunguo anagusa mstari mmoja, ule wa Kongolo. (Diploma iliyotolewa kabla ya hapo, muiache na jina lake la zamani. Hiyo ni historia, si anwani.)

Kuna pahali pande zote mbili ni wengi: mtu mmoja yuko katika komite mbili, na komite moja ina watu saba. Hapo msilazimishe upande wowote. Wekeni tablo ya tatu yenye funguo zote mbili. Cheo na tarehe ya kuanza vinakaa humo humo, maana si vya mtu peke yake wala vya komite peke yake.

Jambo moja zaidi, mimi nakazia: hifadhidata ikatae kufuta mwanachama mwenye malipo. Akitoka, muandike ametoka. Kuna mpangilio wa kufuta mtu pamoja na vyote vyake. Kwenye hesabu ya pesa za watu, usiutumie.

Yule ndugu alikuwa ametunza risiti zake zote kwenye kaye. Tuliziingiza upya, mistari minne, na familia ikapewa haki yake, wiki mbili baada ya matanga.