Kwenda Ng'ambo Kusoma Elimu za Utu

Katika parokia zetu za pwani ya Ziwa Tanganyika, watu wakisikia kwamba padri kijana ametumwa Ulaya kusoma, swali lao la kwanza ni hili: "Anakwenda kusoma nini?" Wakijibiwa udaktari, wanapiga makofi. Wakijibiwa sheria ya Kanisa, wanakubali, maana wanajua jinsi mashauri ya ndoa yanavyochelewa. Lakini wakiambiwa ni filosofia, ao historia, ao lugha za kale, wote wananyamaza. Kisha mzee mmoja atauliza kwa upole: "Na akirudi, atatuletea nini?"

Swali hilo si la ujinga. Safari ni ndefu, gharama ni kubwa, na parokia inabaki miaka mingi bila padri wake. Inafaa lijibiwe vizuri, sana sana kwa faida ya wanaseminari ambao pengine watatumwa kesho.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu Kongo tukisema "umanite" tunataja masomo ya sekondari, yale yanayoishia kwa Egzameni ya Serikali iliyoanzishwa mwaka 1967. Hapa hatusemi hayo. Tunasema masomo ya universite ambayo Wabeleji waliyaweka tangu zamani katika Fakulte ya Filosofia na Maandishi: filosofia, historia, lugha na vitabu vya mataifa, mambo ya kale, desturi za watu. Masomo hayo yote yanamchunguza binadamu kwa njia ya kile alichosema, alichoandika, alichojenga na alichoamini. Ndiyo maana tunayaita elimu za utu.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Kila mtoto wa Kavimvira anajua kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili, na walitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Hawakufika mtoni wenyewe. Lakini watoto watatu wa mfalme Maruta walikuja kuwasalimu, wakawaambia waziwazi: mto unaingia, hautoki. Burton aliandika neno hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860.

Sasa angalia. Baadaye Burton na Speke waligombana vikali. Speke alisema Nili inatoka katika ziwa kubwa alilolipa jina la malkia Victoria. Mwaka 1864 Burton, akitaka kumpinga, alitoa kitabu kingine, akasema labda Ruzizi unatoka Tanganyika kwenda kaskazini mpaka Nili. Ushuhuda wa watoto wa Maruta aliusukuma kando, ijapokuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeuandika! Wataalamu walibishana juu ya habari hii mpaka Novemba 1871, wakati Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomoni pa mto, wakaona maji yanaingia ziwani. Miaka 13 ilipita juu ya jambo ambalo mvuvi yeyote wa Kalundu angaliwaambia kwa dakika moja.

Mtu asiyesoma historia atacheka tu, na kuwadharau Wazungu. Aliyesoma atauliza zaidi. Nani aliyesema? Alijuaje? Nani aliyeandika maneno yake, na kwa lugha gani, na kwa mkalimani yupi? Mwandishi alitaka kupata nini? Na kwa nini mwandishi huyohuyo anaandika hivi mwaka 1860 na vingine mwaka 1864? Kuuliza hivyo kwa taratibu, bila hasira na bila woga, ndiyo kazi yenyewe. Inafundishwa sawa na vile useremala unavyofundishwa: kwa kufanya mara nyingi mbele ya fundi anayekuambia kwamba umekosa.

Na mti wa kuranda upo tele. Mapadri Weupe walijenga Mulweba, katika Masanze, mwaka 1880, na Kibanga mwaka 1883. Kadiri ya amri ya Kardinali Lavigerie, kila misioni iliandika kitabu cha habari za kila siku. Habari za mababu zetu zimelala humo: watoto waliokombolewa utumwani, njaa, magonjwa, mashauri na watemi wa nchi, hofu ya Rumaliza na watu wake. Vitabu hivyo vinatunzwa Roma. Maandiko mengine mengi juu ya Kongo yako Ubeleji, pengine katika Jumba la Makumbusho la Tervuren. Ili kuyasoma, shurti ujue Kifaransa cha zamani kilichoandikwa kwa mkono. Lakini shurti ujue pia Kibembe ao Kivira, maana padri mgeni aliandika majina ya milima na ya watu kadiri sikio lake lilivyopokea. Hapo mtaalamu wa Ulaya anapotea, na mtoto wa Baraka anaona njia.

Wanaodhani kwamba kazi hii ni ya anasa wakumbuke tarehe 18 Agosti 2024. Siku ile, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri wale wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, Bruda Vittorio Faccin, na Abe Albert Joubert. Jimbo letu lilikuwa na miaka miwili tu wakati walipokufa. Kanisa halitangazi mwenye heri kwa kusikia uvumi. Linadai mashahidi waulizwe, barua zikusanywe, na wataalamu wa historia wazipime moja moja. Pasipo kazi hiyo ya karatasi na subira, tungekuwa na makaburi na masimulizi tu.

Tupite kwa filosofia. Jina la kwanza linalotujia ni la Abe Alexis Kagame, jirani yetu wa Rwanda. Alizaliwa mwaka 1912, akapewa upadri mwaka 1941, na kutoka mwaka 1952 mpaka 1955 alisoma katika universite ya Gregoriana huko Roma. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliyapanga mambo yote yaliyopo katika mafungu kumi. Kagame alijiuliza: je, lugha yetu inayapanga namna gani? Akatazama Kinyarwanda, akaona shina moja, -ntu, lenye vichwa vinne: umuntu, ndicho kiumbe chenye akili, ikintu, kisicho na akili, kama mnyama, mti ao jiwe, ahantu, yaani mahali na wakati, na ukuntu, yaani namna ya kuwa. Wafuliiru wanasema mundu, kindu, handu. Kila msomaji ajaribu kwa lugha ya mama yake.

Fungu la tatu ndilo linalonipendeza kupita mengine. Kwa nini mahali na wakati viwe fungu moja? Tazama Kiswahili chetu. Tunasema "hapo mlangoni", na tunasema "hapo zamani". Neno ni lilelile. Moja linaonyesha pahali, lingine siku zilizopita. Katekista anayefundisha watoto habari za umilele anatumia maneno hayo kila Jumapili bila kuyafikiri. Akiyafikiri, atajua kwa nini watoto wanauliza: "Umilele uko wapi?" Swali lao linatoka katika lugha, si katika utundu.

Kitabu cha Kagame kilitoka mwaka 1956, na wengine wakampinga. Walisema: sarufi si mawazo. Mfaransa anaita jua kwa neno la kiume, na mwezi kwa neno la kike. Je, ndiyo kusema anaamini jua ni mwanaume? Neno hilo lina nguvu, wala sidhani Kagame alilijibu kabisa, hata katika kitabu chake cha 1976 alipolinganisha lugha nyingi za Kibantu. Lakini alitufundisha kushika lugha zetu kama kitu cha kufikiria, wala si kama kitu cha kutafsiria tu. Na hakika asingaliuliza swali lake kama hangaliketi kwanza miaka mingi mbele ya Aristotle.

Vincent Mulago alikuwa karibu nasi zaidi. Alizaliwa mwaka 1924 huko Birava, upande wa Bukavu. Alisoma Roma, na mwaka 1955 alitoa teze juu ya umoja wa uhai kwa Bashi, Banyarwanda na Barundi: jinsi walio hai na waliokufa wanavyoshiriki uhai mmoja, na jinsi mambo hayo yanavyoweza kusaidia kulielewa Kanisa. Mwaka uliofuata aliandika pamoja na mapadri wengine weusi waliosoma Ulaya katika kitabu chenye sifa, ambamo walijiuliza mambo yao wenyewe pasipo kungoja kuulizwa. Baadaye alifundisha Kinshasa na kuanzisha huko nyumba ya kuchunguza dini za Afrika. Aliisoma Bushi akiwa Roma! Ndivyo inavyokuwa mara nyingi: mtu akiwa mbali ndipo anapoona sura ya kilima chake.

Sasa mambo ya njia. Nitayasema upesi, ila moja lina hatari. Kuna diploma za Kanisa na kuna diploma za serikali, na hazilingani siku zote. Tangu amri ya Roma ya mwaka 2011, bakalorea ya filosofia ya Kanisa inadai miaka mitatu; zamani ilikuwa miwili. Universite za serikali za Ulaya zinahesabu kwa kredi: 180 kwa ngazi ya kwanza, mara nyingi 120 kwa ya pili, kisha doktora. Mwanaseminari aliyemaliza filosofia kwetu asidhani kwamba mlango wa ngazi ya pili uko wazi. Aulize kwa barua kabla ya kuondoka, na ajibiwe kwa barua. Tena aangalie anapeleka barua wapi: tangu mgawanyiko ulioamuliwa mwaka 1968, Louvain ni mbili. Moja ni ya Waflamani, ilibaki katika mji wa zamani wa Leuven. Nyingine ni ya wanaosema Kifaransa, ikahamia Louvain-la-Neuve.

Juu ya lugha: Kifaransa hakitoshi. Roma inadai Kiitaliano. Filosofia inadai walau kusoma Kijerumani. Historia ya Kanisa haifunguki bila Kilatini. Anayelala wakati wa Kilatini katika seminari ndogo atalipa deni hilo akiwa na miaka thelathini. Kiswahili nacho kinafundishwa huko, Gent na Napoli kwa mfano, na msomaji wetu asishangae akikuta Mzungu anamwambia kwamba "ao" si Kiswahili safi. Amweleze kwa adabu kwamba ndivyo tunavyosema na kuandika huku, na kwamba jambo hilo lenyewe lastahili kuchunguzwa.

Namna ya kusoma ni nyingine pia. Kwetu, mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika, kisha anayarudisha maneno yaleyale siku ya egzameni. Kule utapewa vitabu kumi, na swali moja ambalo hakuna kitabu kinacholijibu. Profesa atapinga neno lako mbele ya wote, usidhani amekutukana. Na ukichukua sentensi ya mtu bila kutaja jina lake, wanaita wizi, na unaweza kufukuzwa.

Na kurudi? Sheria ya Kanisa, kanuni 819, inawapa maaskofu wajibu wa kutuma vijana, mapadri na watawa wanaofaa katika universite za Kanisa, kadiri faida ya jimbo inavyodai. Faida ya jimbo, si ya anayetumwa. Lakini tusitoe hukumu haraka. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyekuwa Mbenedikto katika ujana wake, alipata doktora Louvain mwaka 1970, akarudi, akafundisha Lubumbashi. Karibu na mwaka 1980 aliondoka, maana hakutaka kiti alichopewa katika baraza la chama cha Mobutu. Alifundisha Marekani, akafa huko mwezi wa Aprili 2025. Kitabu chake cha 1988, juu ya jinsi Afrika ilivyotungwa katika mawazo ya wageni, kinasomwa duniani kote. Siwezi kumwita mtoro. Ila wanafunzi wa Lubumbashi walipoteza mwalimu, na hilo pia ni kweli.

Tena wanaobaki nyumbani wana deni lao. Padri akirudi na doktora ya historia, kisha akapewa vigango vinane, pikipiki moja na hakuna meza, baada ya miaka mitatu historia yake imekwisha. Anahitaji saa chache kila juma, rafu ya vitabu isiyovuja, na ruhusa ya kwenda kuwaona wazee.

Kwa yule anayengoja viza yake, nina shauri moja. Kabla ya kuondoka, pita Sange, Luvungi, Makobola na Mboko, ukae na wazee. Andika wanayosimulia kwa lugha yao wenyewe, si kwa Kifaransa. Weka jina la msimulizi, kijiji chake, ukoo wake, tarehe, na jina la yule aliyemwambia yeye. Huko Ulaya utapata kila kitabu, lakini sauti hizo hutazipata, na utakaporudi baadhi yao watakuwa wamekufa. Fanya nakala mbili za daftari, moja uiache parokiani, pahali pa juu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, maji yalichukua nyumba za watu pamoja na karatasi zao zote.