Barua Aliyoisoma Mama Mwenyewe

Akina mama wenzangu, wengi wetu tulikua wakati mambo ya zamani yalipokuwa yakipisha mapya. Mimi nikizikumbuka siku zile, namwona kwanza mama yangu ameketi mkekani karibu na kibatari, daftari magotini.

Tuliishi kijijini, katika milima ya Usambara. Baba alikuwa kibarua katika shamba la mkonge huko bondeni, na mara chache alituletea barua. Mama hakujua kusoma. Barua ikifika, aliipeleka kwa jirani aliyefika darasa la nne. Yule bwana aliisoma kwa sauti barazani, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilijua Baba ametuma shilingi ngapi na anadaiwa na nani. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa, mengine hata chini ya miti. La kwetu lilikuwa jioni, baada ya kazi za shamba. Bibi mzaa baba alichukizwa. "Mke wa mtu akaketi benchi moja na wanaume, ashike kalamu kama mtoto?" Mama alimjibu kwa upole, "Mama, chakula hakitachelewa." Na hakikuchelewa, maana mimi ndiye niliyesonga ugali.

Usiku alinipa daftari lake nimsahihishe. Nilikuwa darasa la tatu tu, lakini nilijiona mwalimu mkuu. Alipochanganya "b" na "d" nilimcheka. Hakunikasirikia. Alifuta, akaandika tena.

Hatimaye siku moja barua ilifika, na Mama hakwenda kwa jirani. Alikwenda nyuma ya nyumba, penye migomba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, ila alikuwa akitabasamu. "Baba anasemaje?" nikamwuliza. Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la khanga. "Anawasalimu," akasema. Mpaka alipofariki hakutuambia zaidi.

Sisemi kwamba yote ya siku zile yalikuwa mema. Tulikwenda shule pekupeku, na watoto wachanga walikufa kwa surua. Lakini kuna jambo moja ambalo ningependa tulirithi.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimpa kijana wa dukani simu yangu anitumie fedha, pamoja na namba yangu ya siri. Mwezi uliopita binti yangu aligundua, akashtuka, akaanza kunifundisha. Nilipokosea mara ya tatu, akacheka. Nikamkaripia, "Unamcheka mama yako?" Akanyamaza, akaenda zake chumbani.

Nilibaki na simu mkononi, nikamkumbuka Mama akifuta zile herufi. Twapenda kuwaambia watoto wetu kwamba zamani wazazi waliheshimiwa. Ni kweli. Lakini heshima ya Mama haikupungua hata kidogo kwa kufundishwa na mtoto. Iliongezeka siku ile aliyotoka migombani na siri yake mwenyewe.

Nikainuka, nikabisha hodi chumbani.

"Haya, mwalimu," nikasema. "Tuanze tena."