HASIRA HASARA, HATA KWA MWENYE CHETI

Hongera. Leo unasoma gazeti hili mwenyewe. Lakini kujua kusoma na kuhesabu hakutoshi. Mtu anaweza kuwa na elimu, na bado akashindwa kazi kwa sababu hawezi kutawala moyo wake. Mimi ni bwana shamba mwenye cheti cha kilimo. Sikiliza jinsi nilivyoshindwa.

Nilikuwa katika kijiji kimoja cha Kasulu. Niliwafundisha wakulima juu ya batobato ya mihogo. Ugonjwa huu huenezwa na inzi weupe. Huenea pia tukipanda mbegu kutoka kwenye miti iliyougua. Majani hupata madoa ya njano na kujikunja. Mihogo huwa midogo. Kinga ni kupanda mbegu za miti mizima, na kung'oa mapema iliyougua.

Mzee mmoja alipanda mbegu zenye ugonjwa. Nilikasirika. Nikamkaripia mbele ya mke wake na wajukuu wake. Watu wakacheka. Mzee akachukua jembe lake, akaondoka bila neno. Wiki iliyofuata hakuja. Jirani zake nao hawakuja. Msimu ule batobato ilienea. Elimu yangu ilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyeisikia.

Mwisho nilikwenda nyumbani kwake. Nikasema, "Mzee wangu, nilikosa. Nimekuja kuomba radhi."

Alinyamaza. Kisha akanipa kigoda. Akasema, "Mwanangu, mbegu nyingine ningeipata wapi?"

Sikuwa nimemwuliza. Kumbe hakuwa mkaidi. Hakuwa na mbegu! Tulizitafuta mbegu safi pamoja, katika shamba la mwenzake. Siku ya kupanda, jirani zake walikuja wenyewe.

Baadaye nilihamia Kibondo. Huko, katika darasa la kisomo, mama mmoja alichekwa kwa kukosea neno. Akataka kuacha. Mwalimu hakugomba. Aliwaambia wote wasome neno lile, mmoja mmoja. Wengi walikosea. Kicheko kikaisha. Kesho yake mama alirudi. Sasa ndiye mwandishi wa hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walioingia darasani walikuwa baba na mama wenye heshima zao. Mtu mzima akiaibishwa, hufunga masikio.

Basi fanya hivi:

1. Ukikasirika, nyamaza kwanza. Sema baadaye.
2. Uliza kabla ya kulaumu.
3. Mkosoe mtu faraghani. Msifu mbele ya watu.
4. Ukikosa, omba radhi, hata kwa mdogo wako.

Ndugu msomaji, je, yuko mtu uliyemkaripia, na sasa hamsemezani? Pengine ni mwanao, pengine ni mwenzako wa kikundi. Usingoje msimu upite kama nilivyongoja mimi. Nenda kwake leo.